Ukingo wa Daraja na Uhai wa Mtu: Somo la Kuzuia Kujiua Katika Miundo Mirefu ya Umma

Daraja linapokamilika hukaguliwa kwa mambo mengi: uimara wa nguzo, ubora wa zege, upana wa njia ya magari, mifereji ya maji ya mvua na alama za barabarani. Ukingo wa pembeni nao hukaguliwa, lakini mara nyingi kwa swali moja tu: je, utalizuia gari lisitumbukie na mpita njia asiteleze akaanguka? Liko swali la pili ambalo katika nchi nyingi lilichelewa kuulizwa, na kuchelewa huko kuligharimu maisha ya watu. Je, ukingo huo utamzuia mtu aliyelemewa na uchungu wa nafsi asijitoe uhai katika zile dakika chache ambazo kukata tamaa kumemfunika macho?

Somo hili linaeleza yaliyothibitishwa katika miji iliyolijibu swali hilo kwa vitendo, sababu zinazofanya kizuizi kiokoe maisha, na mambo yanayoweza kufanywa na halmashauri, mafundi, viongozi wa vijiji na mitaa pamoja na wananchi wenyewe. Madaraja yanayotajwa humu kwa jina ni yale tu ambayo leo yana kinga, kwa kuwa kutangaza mahali pasipo kinga ni kumwelekeza njia mtu aliye hatarini.

Ukubwa wa jambo lenyewe

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 727,000 walijiua duniani katika mwaka 2021. Takriban asilimia 73 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwa vijana wa umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo. Jambo hili, basi, si la nchi za mbali wala la watu wa aina fulani. Limo katika kila jamii, ingawa katika nyingi huzungumzwa kwa kunong'ona.

Katika mwongozo wake wa mwaka 2021, Shirika hilo lilizishauri nchi zote zishike njia nne za kinga. Ya kwanza ni kupunguza urahisi wa kuzifikia nyenzo za kujiua. Ya pili ni kushirikiana na vyombo vya habari ili taarifa zitolewe kwa uangalifu. Ya tatu ni kuwajengea vijana stadi za kuhimili misukosuko ya maisha. Ya nne ni kumtambua mapema mtu aliye hatarini, kumhudumia na kumfuatilia. Ukingo wa daraja uko katika njia ile ya kwanza. Ndiyo njia inayoigusa moja kwa moja kazi ya halmashauri, kwa sababu barabara, vibali vya ujenzi na majengo ya umma hupita mikononi mwake.

Daraja la Grafton na kosa lililofundisha

Katika jiji la Auckland, nchini Nyuzilandi, lipo daraja la zege liitwalo Grafton. Lilifunguliwa mwaka 1910 kuvuka bonde lililo katikati ya jiji, na halipo mbali na hospitali kuu. Kwa takriban miaka 60 daraja hilo lilikuwa na vizuizi vya usalama pembeni. Mwaka 1996 vizuizi hivyo viliondolewa.

Yaliyofuata yalichunguzwa na watafiti kwa makini. Idadi ya watu waliojiua katika daraja hilo iliongezeka mara tano ikilinganishwa na miaka iliyotangulia kuondolewa kwa vizuizi. Ongezeko hilo liliwafanya wenye mamlaka kubadili uamuzi. Mwaka 2003 vilisimamishwa vizuizi vipya vya muundo ulioboreshwa, na katika miaka iliyofuatiliwa na utafiti baada ya hapo, hadi 2006, hakuna mtu hata mmoja aliyejiua katika daraja hilo.

Uzito wa kisa hiki unatokana na namna kilivyotokea. Daraja lilikuwa lilelile, katika jiji lilelile, likipitwa na watu walewale. Hospitali haikuhama, wala shida za maisha hazikwisha. Kilichobadilika ni kizuizi tu: kilikuwapo, kikaondolewa, kikarudishwa, na vifo vikafuata mabadiliko hayo hatua kwa hatua. Hakuna mtafiti ambaye angeruhusiwa kufanya jaribio la namna hiyo kwa makusudi. Lilifanyika kwa uamuzi wa kawaida wa kiutawala, na gharama yake ikalipwa na familia zilizofiwa.

Hoja ya "atakwenda kwingine"

Kila panapopendekezwa kizuizi, hoja moja hutangulia nyingine zote: mtu aliyeazimia kufa atakufa tu, ukimzuia hapa atakwenda kwingine. Hoja hii huonekana ya busara, na ndiyo iliyochelewesha vizuizi kwa miaka mingi katika miji mingi. Ushahidi, hata hivyo, hauiungi mkono.

Ushahidi wa kwanza ulitolewa mwaka 1978 na mtafiti Richard Seiden kuhusu daraja la Golden Gate la San Francisco, Marekani. Aliwafuatilia watu 515 ambao walizuiwa wasijiue katika daraja hilo kati ya mwaka 1937 na 1971. Iwapo hoja ile ingekuwa kweli, wengi wao wangekuwa wamejiua mahali pengine. Alichokuta ni kwamba asilimia 94 walikuwa bado hai au walikuwa wamekufa kwa sababu za kawaida. Watu hao walizuiwa mara moja, wakarudi makwao, wakaendelea kuishi.

Ushahidi wa pili unatoka Washington, mji mkuu wa Marekani, ambako madaraja mawili yanavuka bonde moja yakiwa karibu karibu. Mwaka 1986 daraja mojawapo, liitwalo Ellington, liliwekewa kizuizi na jirani yake likaachwa. Wapinzani walitabiri kwamba vifo vitahamia katika daraja la pili, kwa kuwa ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Watafiti waliolinganisha miaka iliyotangulia na iliyofuata hawakuona ongezeko la maana katika daraja hilo jirani.

Ushahidi wa tatu unatoka Bristol, Uingereza, penye daraja la kuning'inia la Clifton lililofunguliwa mwaka 1864. Vizuizi vya waya viliwekwa Desemba 1998. Katika miaka mitano iliyotangulia, wastani wa vifo ulikuwa 8.2 kwa mwaka. Katika miaka mitano iliyofuata ulishuka hadi 4.0. Haukupatikana ushahidi kwamba vifo vilihamia sehemu nyingine ndefu za eneo hilo.

Haki inataka upande wa pili nao usemwe. Mwaka 2013 lilichapishwa jumuisho la tafiti zilizofanywa katika miji kadhaa duniani. Lilionyesha kwamba vizuizi vilipunguza vifo kwa asilimia 86 mahali vilipojengwa, ingawa katika sehemu za jirani vifo viliongezeka kwa asilimia 44. Kwa kuwa sehemu hizo za jirani zilikuwa na vifo vichache tangu mwanzo, jumla ya vifo vya aina hiyo ilipungua kwa asilimia 28. Kwa hiyo wapo wachache waliokwenda kwingine, lakini walio wengi hawakwenda.

Jiji la Toronto, Kanada, linaongeza fundisho la subira katika kupima matokeo. Daraja lake la Bloor liliwekewa kizuizi mwaka 2003. Utafiti wa kwanza, uliotolewa mwaka 2010, ulionyesha kuwa vifo katika daraja lenyewe vilikoma, ila jumla ya vifo vya aina hiyo jijini ilikuwa haijashuka. Wengi wakasema fedha zimepotea bure. Mwaka 2017 ukatolewa utafiti uliotazama muda mrefu zaidi, nao ukaonyesha kwamba jumla hiyo ilikuwa imeshuka kadiri miaka ilivyopita. Watafiti walidokeza kwamba makelele ya magazeti wakati kizuizi kinajengwa huenda ndiyo yaliyoficha faida yake mwanzoni.

Kwa nini muda huokoa

Watu wengi hudhani kwamba kujiua ni uamuzi uliokwisha kukatwa, ambao mwenye nao huubeba kimyakimya hadi siku ya kuutekeleza. Wako ambao fikra hizo huwakaa muda mrefu. Lakini ile hatua ya kutoka katika fikra kwenda katika tendo, kwa watu wengi, huwa fupi mno. Huja kama wimbi: hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Nafsi huwa imegawanyika, sehemu moja ikitaka maumivu yakome na sehemu nyingine ikitaka kuishi.

Mwaka 2009 watafiti wa Innsbruck, Austria, walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na watu 82 waliookolewa baada ya kujaribu kujiua. Waliwauliza muda uliopita kati ya kuwajia kwa fikra ile na kuanza kwa tendo. Karibu nusu yao walisema muda huo haukuzidi dakika 10.

Jibu hilo ndilo linaloeleza kwa nini uzio wa waya au ukuta wa kioo huweza kuokoa uhai. Kizuizi hakiondoi deni, hakimrudishi mchumba aliyeondoka, hakitibu ugonjwa wa sonona. Kazi yake ni kuliongeza lile wimbi muda wa kushuka. Dakika 10 zikigeuka kuwa 30, mpita njia huweza kusimama, mlinzi huweza kufika, ndugu huweza kupiga simu, na mwenyewe huweza kuanza kulia, jambo ambalo mara nyingi huwa mwanzo wa kupona.

Wafanyakazi wa daraja la Clifton waliwaeleza watafiti jambo hilohilo. Idadi ya watu waliofika darajani wakiwa katika hali ya hatari haikupungua baada ya vizuizi kuwekwa. Tofauti ilikuwa kwamba sasa wafanyakazi walipata muda wa kuwafikia na kuzungumza nao. Waya ulisubirisha, binadamu akaokoa.

Sifa za kizuizi kinachofaa

Si kila uzio ni kinga. Uzoefu wa miji iliyotajwa na kanuni za kawaida za uhandisi vinaonyesha mambo sita ya kuzingatiwa.

La kwanza ni kimo. Ukingo unaoishia kiunoni humzuia anayeteleza, lakini haumzuii anayekusudia kuuvuka. Kizuizi kinapaswa kukipita kimo cha mtu mzima aliyesimama, na sehemu yake ya juu ikipindishwa kuelekea ndani huwa imara zaidi katika kazi yake.

La pili ni kutokuwa na pa kukanyagia. Vyuma vilivyolala hugeuka kuwa ngazi. Vyuma vilivyosimama wima na kukaribiana, au ukuta laini wa kioo au wavu wenye matundu madogo, haviparamiki kwa urahisi. Sifa hiyo huwalinda pia watoto wachezao kwenye roshani na ngazi za majengo, kwa hiyo faida yake ni ya kila siku.

La tatu ni kutoacha pengo. Vizuizi vya Clifton viliwekwa katika sehemu kuu ya daraja bila kuzunguka kila mahali, na vifo vilipungua kwa nusu bila kukoma. Kizuizi kinachoishia katikati huhamisha tatizo kwa hatua chache tu.

La nne ni upepo na uzito. Uzio mrefu hukamata upepo kama tanga la jahazi, na daraja lililosanifiwa bila uzio huo linaweza kulemewa. Ndiyo sababu kuongeza kizuizi katika daraja la zamani ni kazi ya mhandisi mwenye sifa. Fundi wa kuchomelea vyuma asiachiwe peke yake.

La tano ni mandhari na heshima. Watu hupenda kutazama mto na bonde wanapovuka, na si haki daraja ligeuzwe gereza. Auckland ilichagua kuta angavu zilizopinda, na Toronto ikajenga kizuizi cha fito nyembamba za chuma kilichosanifiwa kama kazi ya sanaa. Usalama na uzuri vinaweza kukaa pamoja iwapo msanifu ataambiwa mapema.

La sita ni matunzo. Kutu, bolti zilizong'olewa na wauza vyuma chakavu, au kipande kilichogongwa na lori kikaachwa wazi kwa miezi, huirudisha hatari ileile. Kizuizi kiingizwe katika orodha ya ukaguzi wa kila mwaka kama ilivyo kwa nguzo na mifereji.

Gharama ya kuchelewa

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na daraja la Golden Gate ni kielelezo cha methali hiyo. Lilifunguliwa mwaka 1937 likiwa na ukingo mfupi. Bodi inayolisimamia iliamua mwaka 2008 kuweka wavu wa chuma kisichoshika kutu, uliotandazwa takriban mita 6 chini ya njia ya waenda kwa miguu na kujitokeza nje kwa kiasi hichohicho. Kazi ilikamilika Januari 2024, baada ya miaka ya kutafuta fedha na mivutano ya mkataba, na gharama yake ilipita dola milioni 200 za Marekani. Kizuizi kikiwemo katika mchoro wa kwanza, huwa sehemu ndogo ya gharama ya mradi. Kikiongezwa baada ya miongo, huwa mradi mkubwa unaojitegemea.

Nafasi ya halmashauri na wadau wake

Katika Tanzania dhamana ya miundo mirefu imegawanyika. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya Wakala wa Barabara Tanzania, na barabara za vijijini na mijini zipo chini ya TARURA. Matangi ya maji ya vijijini husimamiwa kupitia RUWASA, na usalama wa wafanyakazi katika majengo yanayoendelea kujengwa huangaliwa na OSHA. Majengo binafsi yana wenye nayo. Mgawanyo huo ni mzuri kwa utaalamu, lakini unaweza kufanya kila mmoja adhani kwamba jambo hili ni la mwenzake. Halmashauri ndiyo yenye nafasi ya kuwakutanisha wote mezani.

Hatua ya kwanza ni kuijua miundo iliyopo. Mhandisi wa wilaya, afisa ustawi wa jamii, mganga mkuu wa wilaya na polisi wakikaa pamoja wanaweza kuandaa orodha ya sehemu za umma zenye kimo cha hatari, na kuonyesha kila moja ina kinga gani na nani anawajibika nayo. Orodha hiyo ni ya kazi za ndani na haipaswi kubandikwa ukutani.

Hatua ya pili ni kuanza na yasiyo na gharama kubwa. Mlango wa kupandia juu ya paa la jengo la umma hufungwa kwa kufuli na ufunguo ukakaa kwa mtu anayejulikana. Ngazi ya tangi la maji huwekewa kizuizi sehemu ya chini. Jengo ambalo halijakamilika huzungushiwa uzio na kuwekewa mlinzi. Taa huwashwa mahali palipokuwa na giza. Kazi hizi hazisubiri bajeti ya mwaka ujao.

Hatua ya tatu ni kuliingiza swali hili katika vibali. Mchoro wa jengo la ghorofa unapowasilishwa kuombewa kibali cha ujenzi, roshani, ngazi na paa vitazamwe kwa jicho la usalama huo. Mradi wa daraja jipya unapojadiliwa na kamati, madiwani wana haki ya kumuuliza mtaalamu: ukingo una kimo gani, na umesanifiwa kumlinda nani?

Kanuni hii, aidha, haiishii kwenye miundo mirefu. Katika wilaya za wakulima, viuatilifu vya shambani huhitaji uangalifu uleule. Sri Lanka katika miaka ya 1990 iliviondoa sokoni viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, na katika miongo miwili iliyofuata kiwango cha kujiua nchini humo kilishuka kwa takriban asilimia 70. Kuhifadhi dawa hizo katika sanduku lililofungwa, mbali na chumba cha kulala, ni ukingo wa daraja kwa namna nyingine.

Binadamu nyuma ya kizuizi

Kizuizi humpa mtu muda, na muda huo lazima ujazwe na binadamu. Jamii isiyojua la kufanya huupoteza muda huo kwa kushangaa, kupiga picha au, vibaya zaidi, kukejeli.

Dalili zinazohitaji kuangaliwa ni nyingi, ila zipo zinazojirudia: kusema kwamba maisha hayana maana au kwamba wengine watapumua asipokuwepo, kuaga kusiko kwa kawaida, kugawa vitu vya thamani, kujitenga ghafla, kuzidisha pombe, kukosa usingizi, au utulivu wa ghafla baada ya kipindi kirefu cha huzuni. Hatari huongezeka baada ya msiba, kuvunjika kwa ndoa, kufeli mtihani, kudaiwa, kudhalilishwa au kupewa taarifa ya ugonjwa mzito. Mtu aliyewahi kujaribu kujiua huhitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Wengi huogopa kuuliza, wakidhani kwamba kulitaja jambo ni kulipanda moyoni. Shirika la Afya Duniani linafundisha kinyume chake: kuuliza kwa upole hakumtii mtu wazo hilo, bali humpunguzia upweke. Mzee wa mtaa anaweza kusema, "Mwanangu, naona mzigo umekuzidi. Je, umefikia hali ya kuwaza kujitoa uhai?" Kijana wa bodaboda anaweza kumwambia mwenzake, "Kaka, siku hizi hauko sawa. Nieleze ukweli, nipo nawe." Baada ya kuuliza, kazi kubwa ni kusikiliza bila kukatiza, bila kuhubiri na bila kulinganisha shida zake na za wengine. Maneno kama "jikaze" au "wenzako wana makubwa zaidi" hufunga mlango uliokwisha kufunguka.

Mtu akikutwa mahali pa hatari, anayemkuta hapaswi kumrukia wala kumpigia kelele. Inafaa asogee taratibu akionekana, ajitambulishe kwa jina, aulize jina la mwenzake, aongee kwa sauti ya kawaida, na amtume mtu mwingine kuomba msaada. Umati uondolewe na simu za kupiga picha zishushwe. Akishatoka mahali hapo, asiachwe peke yake, bali asindikizwe hadi kwa ndugu anayemwamini na kisha kituo cha afya. Siku na wiki zinazofuata ni za kumtembelea.

Lugha inayolinda

Namna habari inavyosimuliwa huweza kuponya au kudhuru. Taarifa inayotaja mahali, inayoeleza tendo kwa undani au kusambaza picha huweza kumvuta mwingine aliye katika hali ileile, na kisa cha Toronto kinakumbusha hivyo. Hilo linawahusu wanahabari, wasimamizi wa makundi ya simu, viongozi wa dini na wasemaji wa misibani.

Maneno nayo yana uzito. Kusema mtu "alifanikiwa" kujiua ni kukifanya kifo kuwa ushindi. Kumwita mwoga au familia yake kuwa na mkosi ni kuwaongezea jeraha waliofiwa, ambao wenyewe huwa katika hatari. Familia hiyo inahitaji kile ambacho kila mfiwa anakihitaji: matanga yenye watu, chakula, na majirani wasioacha kuja baada ya siku ya tatu.

Maswali ya kujadiliwa katika mikutano ya vijiji na mitaa

1. Je, katika kijiji au mtaa huu, miundo mirefu ya umma inajulikana ni ya nani, na kiongozi anajua amwandikie nani panapohitajika matengenezo?

2. Ni hatua ipi isiyohitaji fedha nyingi inayoweza kukamilishwa ndani ya mwezi mmoja?

3. Mtu akikutwa katika hali ya hatari leo usiku, nani atapigiwa simu kwanza, na namba yake inajulikana na wangapi?

4. Viuatilifu vya shambani huhifadhiwa wapi katika kaya, na nani ana ufunguo?

5. Waliofiwa kwa namna hii wamekuwa wakitendewaje, na nini kinapaswa kubadilika?

Mahali pa kupata msaada

Mtu anayewaza kujiua, au anayemwona mwenzake katika hali hiyo, asisubiri hali iwe mbaya zaidi. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya hupokea wagonjwa wa sonona na msongo kama wanavyopokea wagonjwa wengine, na wanaohitaji uangalizi wa kibingwa hupewa rufaa. Afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kijiji au kata na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni milango ya karibu. Kwa simu, kituo cha mawasiliano cha Wizara ya Afya hupatikana kwa namba 199 bila malipo, huduma ya simu kwa mtoto kwa namba 116, na katika dharura polisi kwa namba 112.

Yaliyoonekana Auckland, Bristol na Washington yanafikia mahali pamoja. Mtu aliyezuiwa leo, kwa sehemu kubwa, ni mtu atakayekuwa hai kesho. Ukingo uliopanda juu kidogo, mlango wa paa uliofungwa na jirani aliyesimama kuuliza hali ni huduma za umma kama maji na barabara, na wanaozitumia huenda wasijulikane kamwe, kwa sababu wamerudi nyumbani salama.